Aliyekaa Nje Zaidi ya Mwaka

Kamina, jioni ya kuamkia safari yako

Salima, mama yangu,

Uko chumba cha pili na shangazi yako Mariamu, ninawasikia. Anakuonyesha namna ya kukunja vitenge, anakuambia maji ya kunywa na ya kutokunywa, watu wa kukaa nao ndani ya treni na watu wa kuwahama. Hayo ni kazi yake, na mimi sitayarudia. Ameanza tangu juzi na ataendelea kesho mpaka treni ipige honi, kama itakuja. Watu wa gare, kituo cha treni, wanasema imeshapita Luena inapanda huku, italala hapa, asubuhi itageuka kurudi kusini. Wamesema hivyo mara nyingi mwaka huu. Lakini safari hii nimemwona mkuu wa gare amevaa kofia yake, basi nimeamini.

Wiki nzima nimetaka kukusemea haya kwa mdomo. Kila nikianza, anaingia mtu kununua samaki, au wewe mwenyewe unageuza maneno kwa sababu unajua yanaelekea wapi. Nimechoka kuanza. Afadhali niandike, usome ukiwa Lubumbashi unangoja ndege, au usisome mpaka ufike kwa mama yako. Yote ni sawa kwangu.

Mengi ya humu unayajua, ulikuwepo. Lakini ulikuwa mtoto, na mtoto huona jambo linavyotendeka, haoni aliyelitenda alikuwa anaogopa nini.

Tulipoondoka Ubelgiji ulikuwa bado unavaa soksi nyeupe za shule. Mimi nilikuwa kwenye kiwanda cha vioo, mama yako alisafisha hospitali alfajiri, mdogo wako Yusufu alikuwa ananyonya. Mimi na mama yako tulikuwa tumepewa karte ya wakaaji wa kudumu, ile ambayo mgeni akiipata anaacha kulala jicho moja wazi. Niliiweka katika mfuko wa shati. Iliandikwa tarehe ya mwisho, na tarehe yenyewe ilikuwa mbali sana. Mimi nilisoma tarehe. Sikuuliza sheria.

Ndipo msafiri mmoja akaniletea habari ya nkambo yako, mama yangu mzazi: ameanguka uani, upande mmoja wa mwili umekataa. Siku ileile nilikwenda kuomba ruhusa kazini. Driss, yule Mmoroko tuliyesimama naye kwenye tanuru moja, aliyekuwa anakuletea tende, akanifuata mlangoni.

"Pita komini kwanza," akaniambia. "Sema unatoka, sema lini unarudi, wakuandikie. Kaka yangu alikwenda kwetu akakaa. Aliporudi alikuta wamemfuta."

Nikamwambia karte yangu bado ina miaka mbele.

"Karte ni yako," akasema, "lakini kitabu cha majina ni chao."

Sikupita komini, ofisi inayoandikisha wakaaji. Haraka ilikuwepo, ndiyo, lakini ofisi ile ilikuwa barabara moja na kituo cha basi. Nilipita mbele ya mlango wake nikiwa nimebeba sanduku. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani nilikuwa nimechoka na madirisha. Miaka yetu ya kwanza kule nilisimama mbele ya kila dirisha la nchi ile, nikiomba hiki, nikithibitisha kile, nikitabasamu kwa mtu ambaye hakuniinulia macho. Nikaapa moyoni kwamba siku nitakapopata karte sitaomba tena ruhusa ya mtu, sembuse ruhusa ya kwenda kumwona mama yangu. Ni kiburi, lakini ukiwa umekivaa kinafanana kabisa na heshima.

Nilikuchukua wewe kwa sababu unabeba jina lake na alikuwa hajakuona. Mama yako hakutaka, shule ilikuwa imefunguliwa. Nikamwambia ni miezi miwili, ikizidi sana mitatu. Akakupakia sweta moja tu, ya kuvaa ndani ya ndege wakati wa kurudi.

Unakumbuka tulivyomkuta nkambo? Alikuwa amelala ameelekea ukutani, hakutaka watu waone mdomo ulivyopinda. Nikasema, "Mama, nimekuletea Salima." Akageuka polepole. Akakushika uso kwa mkono ule mzima.

"Weye njo minyi?" akakuuliza, wewe ndiye mimi?

Na wewe, ambaye Kiswahili chako kilikuwa cha kuombea chakula tu, ukamjibu, "Ndiyo."

Tangu siku ile hukutoka chumbani mwake. Yeye njo alikufundisha kuzungumza, na ndiyo maana mpaka leo unasema maneno ya kizee yanayowachekesha wasichana wenzako.

Miezi ile mitatu ikaisha. Mariamu alikuwa bado kwa mume wake Kaniama, na mvua ilikuwa imekula barabara; hata baisikeli haikupita. Nani angemgeuza mama yangu kitandani? Nikasema, ngoja njia ikauke. Kabla haijakauka, askari wakapora miji, Wazungu wakaondoka, ndege zikapungua. Kila niliyemuuliza alisema ngoja kidogo. Nikangoja kidogo, halafu kidogo tena. Mtu anadhani mwaka ni kitu kikubwa, kwamba ukipita utausikia. Sikuusikia. Nilikuwa ninapika uji, ninafua mashuka, ninatafuta dawa.

Mama yangu aliusikia kabla yangu. Siku moja ninamlisha akasukuma kijiko.

"Issa, weye utarudia lini kwa mama ya batoto?"

"Bado, mama."

"Minyi sikufunge. Mariamu atakuya."

"Ninajua."

"Unajua," akasema, "lakini uko unaikala huku tu."

Wakati huo maneno ya kuwafukuza Wakasai warudi jimbo la babu zao yalikuwa yameshawaka huku kusini. Treni zikawa zinafika Kamina zimejaa watu na magodoro, zinasimama hapa siku nyingi, na Wakasai wa hapa wenyewe wakaambiwa nao wapande. Baba ya mama yako, Mzee Mukendi, alikuwa karani wa gare hii maisha yake yote. Kila tiketi iliyotoka Kamina ilikuwa imepita mikononi mwake. Sasa alikuwa amelala juu ya saruji ya gare ileile, na cherehani ya marehemu mke wake, akingoja behewa la kumpeleka kwa babu zake, mahali alipopajua kwa masimulizi tu. Tulimpelekea ugali wetu wa bukari na samaki, mimi na wewe. Alikataa kula mpaka wewe umege kwanza.

Ulipokwenda kuchota maji akanivuta karibu.

"Kapinga asikuye huku," akasema juu ya mama yako. "Hata ukimuita, asikuye."

"Atabaki kule, baba."

"Na weye unafanya nini huku? Bibi yako iko kule, mutoto mwanaume iko kule."

"Mama yangu ni mgonjwa."

Akatazama reli. "Njo vile," akasema mwishoni. "Mama njo mama."

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, labda ningeamka. Tulisikia baadaye kwamba alifika Mwene-Ditu, akafia kule katika nyumba ya watu. Mama yako alimlilia baba yake peke yake, upande wa pili wa dunia, na mume wake yuko hapa karibu na ile gare, na hakuweza kuja, na mimi sikuweza kwenda. Nilimwandikia. Sijui niliandika nini. Barua gani inafaa kwa jambo kama hilo?

Nkambo akafariki mvua za mwaka wa pili zilipokaribia kwisha. Mariamu alifika na wanawake wa msikitini, wakamuosha. Nilishuka kaburini mwenyewe kumpokea. Alikuwa mwepesi kama kapu.

Ndipo nikajikumbuka. Tukaenda Kinshasa, mimi na wewe, kwenye ubalozi. Ulivaa ile sweta ingawa jua lilikuwa kali, na mikono yake ilikuishia kwenye viwiko.

Yule mama wa dirishani alikuwa mtu wa Kalemie. Aliposikia ninakusemesha Kiswahili, uso wake ukalegea, akaacha Kifaransa. Akachukua karte yangu, akaenda ndani, akakaa sana. Aliporudi alinirudishia taratibu, kama mtu anayerudisha nguo za marehemu.

"Baba, karte yako iko muzima," akasema, "lakini jina yako bamefuta. Umekaa inje kupita mwaka. Mule kwao, weye hauko tena."

Nikamwonyesha tarehe. Nilikuwa bado na miezi mingi. Hakuitazama.

"Ile tarehe iko ya karatasi," akasema. "Haiko ya muntu."

Nikamweleza yote: mama, mvua, uporaji, ndege. Alisikiliza mpaka mwisho, na watu nyuma yangu walikuwa wanaguna.

"Minyi naamini. Lakini mbele ya kuondoka, ulisema kwa komini? Kuko fasi mu kitabu waliandika kama utarudia?"

"Hapana."

"Basi batakamata nini mu mikono, baba? Bataona tu muntu mwenye aliondoka."

Mpaka hapo, Salima, ninaweza kusema ni ujinga wangu na ukubwa wa dunia. Yanayofuata ni yangu peke yangu.

Yule mama alikutazama wewe juu ya benchi. Akasema, "Huyu mutoto hakujitoa mwenyewe. Mama yake iko kule, akimuomba, anaweza kurudia. Tuanze yake leo."

Nikajibu, "Tutaenda pamoja ao hatuende."

Akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikasema nimefikiri. Sikuwa nimefikiri kitu. Niliona tu ile nyumba yetu Kamina, kitanda cha mama yangu kimekunjwa, na mimi ninaingia peke yangu kuwasha moto. Nilikushika kama mtu anayechukuliwa na maji anavyoshika chochote kilicho karibu, bila kuuliza kama nacho kitazama.

Ndani ya ndege ya kurudi Lubumbashi ukaniuliza, "Baba, ni wao wamekataa, ao ni weye?"

Ulikuwa umesikia yote. Benchi ilikuwa hatua chache tu. Ulikuwa unanipa nafasi ya kusema mwenyewe, na wewe mtoto mdogo vile. Nikakujibu ni wao. Ukageukia dirisha, na hukuniuliza tena mpaka leo. Mara nyingi nimeona unanyamaza hivyohivyo mtu anapokudanganya sokoni: unamwacha, lakini hununui kwake tena. Mimi uliendelea kununua kwangu, kwa sababu ulikuwa na baba mmoja tu.

Miaka ya baadaye ilitukuta katika samaki. Sikuwa fundi wa biashara kama ndugu zangu wengine wenye asili ya Maniema; nilikuwa mtu wa tanuru. Lakini nilijifunza kwenda Kinkondja, kukaa na wavuvi wa ziwani, kutofautisha samaki aliyekauka mpaka ndani na yule aliyekaushwa ngozi tu. Wewe ukasoma kwa masista, ukauza jioni. Mama yako alikuwa ananiandikia kila alipopata msafiri. Katika barua moja akasema amepata kujua kitu: kijana aliyelelewa na kusoma kule akiwa mdogo, hata kama alikaa nje kupita mwaka, anaweza kuomba kurudi yeye mwenyewe, mradi umri fulani haujampita. Akasema nikubali aanze kukusanya ushahidi wa shule. Nikamjibu kwamba hujamaliza masomo. Akaandika tena. Nikamjibu kwamba njia si salama. Yote mawili yalikuwa kweli, na nilijificha nyuma yake kama mtu anavyojificha nyuma ya ukuta mzuri.

Vita vya kwanza vilipita Kamina kwa miguu. Askari wa zamani walikimbia wakivua magwanda njiani, wapya wakaingia wamevaa mabuti ya mpira, nchi ikabadilishwa jina, tukadhani yamekwisha. Vya pili havikupita, vilikaa. Kaskazini kukawa mstari wa mbele, watu wa huko wakashuka hapa na masufuria kichwani, treni ikawa ya askari kwanza na ya raia baadaye. Unajua jinsi wageni walivyoanza kutazamwa, hata wasio wageni.

Ilikuwa wakati huo ninatoka Kinkondja na mizigo yangu. Kwenye kizuizi kabla ya mji wakanipekua, wakaikuta ile karte katika mfuko wa shati. Utaniuliza kwa nini nilikuwa bado ninatembea nayo. Sina jibu la maana. Kuna watu wanaotembea na ufunguo wa nyumba iliyoungua.

Wakaniuliza kwa nini mtu wa Kamina ana picha yake katika karatasi ya nchi ya Wazungu. Nikaeleza, nikashikwa na kigugumizi. Ninajua jinsi ninavyoonekana ninapojieleza mbele ya mtu mwenye mamlaka: ninafanana na mwongo. Wakanifungia katika ghala moja pamoja na watu wengine, na siku hizo kila jioni walikuwa wanaitwa baadhi yao, na hatukuwaona tena. Sikukuambia hilo wakati ule. Jina langu lilikuwa halijafikiwa, ni hivyo tu.

Ulikuja. Mariamu alikuwa amekukataza, wanaume wa msikiti walisema waende wao kwanza waulize. Wewe ulikuja peke yako umebeba chakula, umefunga kitambaa vizuri, na ukaomba kumwona mkubwa wao. Ukuta wa ghala ulikuwa wa mabati. Nilisikia kila neno.

"Unatafuta nini?"

"Baba yangu, chef."

"Baba yako iko na karatasi ya inchi ingine. Iko espion, mupelelezi."

"Ile karte ilikufaka zamani, chef. Nilikuwa pale siku baliiua. Kama iko na inchi ingine ya kwenda, tungekuwa huku pamoja na ninyi?"

Mimi ndani nikabandika sikio kwenye bati. Halafu nikamsikia yule mtu anacheka, si kicheko kizuri, lakini kicheko.

"Muko na miaka ngapi, mama?"

"Zangu zinatosha, chef. Za baba njo nyingi. Amechoka, mumuachilie akalale."

Waliniachilia kesho yake asubuhi. Karte walibaki nayo, sikuiomba.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mimi nilikuwa ninakutazama unavyotembea mbele yangu. Nilikuwa nimekuzuia miaka yote hiyo kwa kusema moyoni kwamba wewe ni mtoto, kwamba hutaweza kule peke yako, kwamba bila mimi utapotea. Na wewe ulikuwa umesimama mbele ya watu wenye bunduki ukasema maneno ambayo mimi sikuweza kuyasema mbele ya mwanamke mpole mwenye kalamu. Nikajua kwamba kati yetu wawili, anayeshikwa asizame si wewe.

Wiki ileile nilikwenda misheni kwenye phonie, ile redio ya mawasiliano, nikapanga mstari na watu wanaoitana na ndugu zao wa Lubumbashi, nikaomba jamaa yetu wa kule amwandikie mama yako neno fupi: Muombee Salima ruhusa. Sikuongeza kitu. Baadaye aliniandikia kwamba aliposoma aliketi jikoni mpaka Yusufu akatoka shule.

Nadhani unajua alivyohangaika. Aliwatafuta walimu wako wa zamani. Mmoja alikuwa amestaafu, akamfuata mpaka kwake. Aliuliza kila mtu aliyekujua. Na jibu likaja kwamba wamekubali, visa yako inakungoja Kinshasa, uichukue kabla umri wa sheria haujakupita. Mwaka mmoja zaidi wa "njia si salama" zangu, ungekuwa umepitwa.

Kuhusu mama yako na mimi, usije ukabeba mzigo wa kutuunganisha. Hatukuachana, wala hatukuishi pamoja. Sijui kitu hicho kinaitwaje. Anasema akishakupokea ataniombea mimi pia, nianze upya kama mgeni anayemfuata mke wake. Labda. Sitawakataza kutumaini, lakini msinitandikie kitanda. Yusufu hanijui. Usimsimulie mambo yangu mazuri mfululizo, atachoka nami kabla hajaniona. Mwambie ninapenda kulala mchana na kwamba siwezi kuimba. Ataanzia hapo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenikalisha chini.

Siku moja utapata habari yangu. Si lazima iwe karibuni, lakini itakuja, kwa barua au kwa mdomo wa mtu: baba yako ameanguka. Nilitaka kukuandikia hapa kwamba usije. Nimeliandika neno hilo katika karatasi nyingine, nikalichana, kwa sababu ningekuwa ninakudanganya tena. Mimi nilikuja kwa mama yangu. Ukinirudisha siku ile, na yote ninayoyajua sasa, ningekuja tena. Alikufa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu, na kati ya vitu vyote nilivyopoteza sijawahi kutamani kubadilisha hicho na kingine.

Ninachojutia ni kingine. Nilidhani kwa kuwa nina haki ya kuja, njia ya kurudi itajilinda yenyewe. Haijilindi. Sheria ya kule haiulizi kama ulikuwa mtoto mwema. Haina uchungu na wewe wala haina huruma. Inatazama tu kama uko au hauko. Nilipoteza miaka nikiikasirikia, na yenyewe haikujua hata kama nimekasirika.

Basi ukija, upite komini. Usipite mbele ya mlango kama mimi. Ingia, panga mstari, sema unakwenda wapi na utarudi lini, hata kama aliye dirishani hakuinulii macho. Uwaulize wenyewe sheria ya mwaka huo, usichukue ya kwangu, maana sheria zinahama. Uje na siku ya kurudi, na siku hiyo ikifika, uende. Hata kama bado ninapumua. Nikikushika mkono nisiuachie, na ninajijua, nitafanya hivyo, mwambie Mariamu anifungue vidole. Nimeshamwambia. Alinitukana, lakini amekubali.

Na ukishindwa kuja, usijitese. Watu wa msikiti watanizika vizuri. Kaburi halina umri unaokupita; utalikuta siku yoyote.

Leo mchana ulikuwa umekaa kizingitini unachambua mchele, ukaniambia Kifaransa chako kimekuwa cha masista wa Kamina, utachekwa kule. Utachekwa kidogo, kweli. Ulichekwa hapa pia ulipofika, ukamaliza kwa kuwacheka wao. Ukaniuliza nani atageuza samaki juani. Nikasema Mariamu. Ukasema Mariamu anageuza vibaya. Ndiyo, anageuza vibaya. Tutakula hivyohivyo.

Halafu ulipodhani nimelala, ukamuuliza Mariamu, "Watu wa uwanja wa ndege wakiniuliza ninakwenda kufanya nini kule, niseme nini?" Yeye akakujibu, "Useme unarudia kwenu." Wewe ukanyamaza. Nikasikia mchele unaendelea kuanguka katika sinia, taratibu, na najua ulinyamaza kwa sababu mlango wangu ulikuwa wazi.

Salima, mama, Mariamu amesema sawa. Karatasi zako hazisemi kwamba wewe ni mgeni anayekwenda. Zinasema ni mkaaji aliyekaa nje muda mrefu na sasa anarudi. Kwa hiyo wakikuuliza, jibu kwamba unarudi nyumbani. Ulidhani nikisikia nitaumia. Nitaumia, lakini kidogo tu. Useme hivyohivyo, kwa sauti inayosikika, wasikuulize mara mbili.

Mimi baba yako,
Issa